Kitabu Hakiitiki Jina la Mtaani

Kama bado uko jikoni, punguza moto kidogo, sogeza redio karibu na dirisha, tuzungumze. Leo nina habari ya maktaba ya chuo: mtu anaingiaje, anatafutaje kitabu, na kwa nini wengi wanatoka mikono mitupu. Lakini sitaanza na maktaba. Nitaanza na mzigo.

Juma lililopita kijana wa bodaboda alisimama hapa kwetu Makadara, mzigo kaupakata, simu kaibana kwa bega, anaita majina matatu kwa sauti ya mnada. Majina kamili, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Wazee wa kahawa wakatazamana. Hapa? Hapa hatuna mtu wa jina hilo. Jaribu Kibokoni. Kijana keshawasha pikipiki aondoke, ndipo mama mmoja wa viazi vya karai akafuta mikono kwa kanga, akaichukua ile karatasi, akaisoma, akauliza, "Huyu si ndiye fundi wa mafriji?" Akageuka. "Bamia! We Bamia! Mzigo wako huu." Na Bamia, wasikizaji, alikuwa amekaa pale pale barazani, kikombe mkononi. Jina lake limetajwa mara nne, hakuitika. Tangu atoke shule ya msingi hakuna aliyemwita hivyo.

Tulicheka sana siku ile. Lakini usiku nikiwa kitandani nikasema, ah, hii ndiyo maktaba. Ndiyo maktaba hasa, ila imegeuzwa juu chini. Mtaa unamjua mtu kwa jina la mtaani, la kitambulisho haulijui. Maktaba inakijua kitu kwa jina la kitambulisho tu, la mtaani haina habari nalo. Wewe unaingia na jina la mtaani, unaliandika kwenye kompyuta ya katalogi, kompyuta inakujibu hakuna. Unatoka unanung'unika kwamba chuo hiki hakina vitabu. Kumbe kitabu kimekaa barazani, kinakunywa kahawa.

Mnanifuata? Nitalisema tena, maana ndilo jambo langu la leo. Maktaba haikunyimi kitabu. Umekiita kwa jina kisilolijua.

Sasa nije kwa kijana wetu. Yuko kijana wa hapa jirani, mwaka wake wa mwisho chuoni. Alinijia baada ya sala ya alasiri, uso umemshuka. "Ami," akaniambia, "nimepewa kazi ya utafiti. Nimechagua mtaa wetu, Makadara. Ulianza vipi, akina nani walikaa humo, jina lina maana gani. Nimetafuta siku tatu. Hakuna kitu."

"Umetafuta vipi?"

"Nimeandika Makadara."

"Umepata nini?"

"Nairobi."

Nikacheka, kisha nikajuta kucheka, maana alikuwa na uchungu wa kweli. Lakini ni kweli, wasikizaji. Andika Makadara popote, kwenye katalogi au kwenye intaneti, utapelekwa Makadara ya Nairobi: eneo bunge, mahakama ya Jogoo Road, Maringo, Hamza, Viwandani. Ile ni Makadara kubwa yenye mbunge, na karatasi za serikali zinamfuata mbunge. Makadara yetu sisi, yenye uwanja na vichochoro, imemezwa. Kijana amesoma kurasa mbili tatu za maji taka ya Viwandani ndipo akagundua yuko mji mwingine.

Basi tukakaa. Nikamwambia, mtaa mdogo hauna kitabu chake peke yake, mara nyingi umejificha ndani ya kitabu cha mwingine. Achana na jina la mtaa. Nambie, mtaa huu wazee wanasema ulikuwa wa nani?

"Wabulushi," akasema.

Naam. Wazee wa hapa watakwambia hivyo hivyo: askari wa Kibulushi, watu wa asili ya Baluchistan waliokuja na majeshi ya Sultani. Na jina Makadara, husemwa, walilitoa wao kwenye neno la Kiarabu la kadari, kadari ya Rahmani. Waliandikiwa kufika hapa, wakafika. Ni maneno mazuri. Kama ndivyo au sivyo, hiyo ndiyo kazi ya mtafiti.

Kijana akatoa simu, akaingia kwenye katalogi ya chuo chake, akaandika Bulushi. Hakuna. Wabulushi. Hakuna. Akanitazama kama anayesema, si nimekwambia?

Sasa sikizeni. Bulushi ni jina la mtaani! Ndivyo tunavyowaita sisi. Aliyeandika kitabu ameandika Baluchi. Mwingine Baluch. Mwingine Baloch. Richard Burton, yule Mwingereza msafiri aliyetoa kitabu chake cha Zanzibar mwaka 1872, naye ana tahajia yake ya kuwaandika askari hao. Mtu ni mmoja, mavazi manne. Tulipoandika Baluchi pamoja na Zanzibar, tukatoka na kitabu cha mwanamke wa Kiitaliano, Beatrice Nicolini, kilichotolewa mwaka 2004, kuhusu Makran, Oman na Zanzibar: pembe tatu za bahari ile ambazo askari hawa walizunguka. Tulipoandika Baloch pamoja na Afrika Mashariki, tukampata Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha Chuo Kikuu cha Uppsala kule Uswidi, na makala yake mahususi juu ya Wabulushi wa pande zetu. Mwaka 2000. Na makala hiyo imo wapi? Imo ndani ya kitabu cha insha nane kuhusu lugha ya Kibaluchi. Mgongoni mwa kitabu hakuna neno Afrika, hakuna neno Mswahili.

Siku tatu za kuandika Makadara. Dakika ishirini za kubadilisha jina.

Kwa hiyo, mwanafunzi unayenisikiza, kabla hujagusa kompyuta, chukua karatasi. Andika kitu chako katikati, kisha kizungushie majina yake yote unayoweza kuyakumbuka. Kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, jina la zamani, jina la sasa, jina la wakoloni, jina la bibi yako. Yote. Usione haya, karatasi ni yako.

Unataka habari za Kiswahili cha zamani? Usiandike Swahili peke yake. Kamusi ya Krapf, yule mmisionari aliyefika hapa Mombasa mwaka 1844, ilichapwa London mwaka 1882, na jina lake linaandikwa "Suahili", u badala ya w. Wajerumani nao walitoa mwaka 1903 kitabu cha desturi zetu, kilichoandikwa kwa lugha yetu wenyewe, na jina lake ni Desturi za Wasuaheli. Suahili, Suaheli, Swahili. Ukitafuta kwa w utapita mbele ya mlango wao bila kupiga hodi. Na Mombasa pia ni Mvita, na kwa Wareno ni Mombaça. Barabara ya Digo ilikuwa Salim Road. Moi Avenue ilikuwa Kilindini Road. Anayetafuta picha au ramani ya 1930 akaandika Moi Avenue, anamtafuta mtu aliyekuwa mtoto mdogo huko Baringo.

Hata vyuo vyenyewe vimebadili majina. Chukueni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor. Wazee wanakumbuka MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyochipuka mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na wengine mpaka leo wanasema tu Poli. Mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki, na mwaka 2013 chuo kikuu kamili. Mwanafunzi wa pale akitaka kusoma historia ya chuo chake kwa jina la leo, ataona kama kimezaliwa juzi, kikiwa na ndevu.

Haya. Majina ya watu nayo, hapo pana mtihani, hasa sisi wenye bin na al. Andika Mazrui kwenye katalogi. Atakuja Ali Mazrui, profesa, aliyezaliwa hapa Mombasa mwaka 1933 akafariki 2014. Atakuja Alamin Mazrui, profesa mwingine. Na atakuja Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu, babake yule wa kwanza, aliyefariki 1947, ambaye katika miaka ya 1930 alitoa hapa magazeti ya Sahifa na Al-Islah. Watu watatu, na katalogi hii inamweka Sheikh kwenye M, ile nyingine kwenye A, ya tatu inatanguliza al- na kistari. Historia aliyoiandika Sheikh juu ya ukoo wa Mazrui wa Mombasa ilitolewa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, na nimewahi kumwona mwanafunzi akiinukuu kwa kujiamini kabisa kama kazi ya mtoto wake. Angekuwa hai Profesa, angecheka. Sheikh sijui. Basi jaribu kila kipande cha jina, kimoja kimoja, na tazama mwaka.

Tumeshasema majina. Sasa nataka kusema kitu kingine, na hiki nakipenda zaidi. Kitabu kilichomo ndani ya kitabu.

Kijana wetu alitaka pia habari za misikiti ya Mombasa, maana ukijua msikiti umejengwa lini, umejua watu wameanza kukaa pale lini. Nikamwambia, kalete Hadith, kitabu cha kwanza. Akanikazia macho. "Ami, mimi nafanya historia, sifanyi dini." Akaenda hata hivyo, na huko akaenda moja kwa moja kwenye rafu za Uislamu. Akakuta hadithi za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, mijalada kwa mijalada. Akarudi mikono mitupu.

Makosa yangu, sikumweleza. Hadith ni jina walilolichagua watu wa Chama cha Historia cha Kenya kwa vitabu vya mikutano yao, Bethwell Ogot akiwa mhariri. Cha kwanza kilitoka mwaka 1968. Ndani yake mna makala ndefu ya Berg na Walter kuhusu misikiti, idadi ya watu na kukua kwa mji wa Mombasa. Kitabu kinaitwa Hadith, hakina hadithi. Kina misikiti, lakini hakiko penye misikiti. Kiko kwenye historia ya Kenya, na jina lake halikwambii neno moja la Mombasa. Utakipataje? Kwa katalogi peke yake, huenda usikipate mpaka unamaliza chuo. Utakipata kwa tanbihi.

Tanbihi ni yale maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa au mwisho wa sura, ambayo wengi wetu tunayaruka kama maji ya barabarani. Msiyaruke. Huyo Berg aliandika pia mwaka 1968, katika jarida la historia ya Afrika, makala kuhusu jamii ya Waswahili wa Mombasa tangu 1500 hadi 1900: Thenashara Taifa, Tisa Taifa, Tatu Taifa na mitaa yao. Ukifungua makala ile, chini ya kurasa mna watu tele. Mwandishi anakutajia nani alimwambia, karatasi gani alisoma, kitabu gani anakubaliana nacho na kipi anakipinga. Ni kama kwenda kwenye harusi ya watu usiowajua: mwalikwa mmoja akikujulisha kwa mwingine, kabla ya biriani kuletwa una jamaa kumi.

Nirudie: kitabu kimoja kizuri kinakupeleka kwa kingine. Cha kwanza ndicho cha taabu.

Na vitabu vya lugha nyingine, usiviogope. Akina dada hapa watanisamehe nikitoa mfano wao. Binti mmoja aliniandikia ujumbe akasema anatafuta lelemama. Bibi yake alikuwa mcheza lelemama, ana picha yake amevaa, na yeye mjukuu anataka kuandika juu ya ngoma ile. Katalogi ya chuo ikamwambia lelemama hakuna. Bila shaka hakuna! Aliyepanga vitabu kwa majina hakuwahi kusikia lelemama. Nikamuuliza: lelemama ni ngoma ya kina nani? Wanawake. Wa wapi? Mombasa. Dini yao? Waislamu. Andika basi maneno hayo matatu kwa Kiingereza. Akaandika, na kitabu kikaja kwa jina hilo hilo kama aliyeitwa: Muslim Women in Mombasa, cha Margaret Strobel, mwaka 1979.

Akasema, lakini mbona lelemama haimo kwenye jina? Nikamwambia, fungua mwisho. Nyuma kabisa ya kitabu, baada ya kila kitu, pana orodha ya maneno na kurasa zake. Hiyo ni faharasa. Tafuta L. Akanyamaza kidogo kwenye simu, nasikia karatasi zinageuzwa. Kisha, "Ami! Imo!" Imo, na ukurasa baada ya ukurasa: vyama vya lelemama vilivyoshindana hapa mjini, Ibinaal Watan na Banu Saada, nani aliwatangulia wenziwe kwa nguo, nani alikodi nini. Bibi yake, akaniambia, alikuwa wa Banu Saada na mpaka anaingia kaburini hakuwahi kukitaja kile chama kingine ila kwa kubetua mdomo.

Na kubwa zaidi. Strobel na Sarah Mirza walirekodi hadithi za maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1989. Lakini mwaka 1991 kikatoka kwa Kiswahili, kwa maneno ya kina mama wenyewe, kikiitwa Wanawake Watatu wa Kiswahili. Kilichapwa wapi? Indiana, Marekani. Yaani maneno yaliyosemwa kwenye nyumba za Mombasa, kwa Kimvita, yamevuka bahari mbili, na mjukuu hapa anaandika lelemama kwenye kompyuta anaambiwa hakuna. Hili linanikera mimi. Sisemi kwa kulaumu mtu, nasema linanikera.

Tuendelee. Umeshalipata jina la kitabu. Sasa kukitia mkononi.

Kila kitabu cha maktaba kina anwani, imebandikwa chini mgongoni. Mji wa Kale hatuna mambo hayo, nyumba zetu unaelekezwa: pita msikiti, kata penye mti, uliza. Kitabu hakiulizwi. Maktaba nyingi za umma na za vyuo vidogo hutumia nambari za Melvil Dewey, Mmarekani aliyezibuni mwaka 1876. Kwa mpango wake, historia ya Kenya ni 967.62, lugha ya Kiswahili ni 496.392, mashairi na riwaya za Kiswahili ni 896.392. Vyuo vikuu vyetu vingi vinatumia mpango wa herufi wa Maktaba ya Bunge la Marekani: huko Kenya iko kwenye DT, Kiswahili kwenye PL, karibu na 8701. Huna haja ya kuzihifadhi. Iandike nambari yote, mpaka herufi ya mwisho, na nenda nayo. Wengi wanaandika nusu, kisha wanasimama mbele ya rafu kama mtu aliyeambiwa nyumba iko Mombasa.

Na ukishakipata, tafadhali, usikichukue ukakimbia. Tazama kulia kwake, tazama kushoto. Vitabu vya jambo moja vinakaa jirani. Nina hakika nusu ya vitabu vilivyonifaa maishani sikuvitafuta, vilikuwa jirani za nilivyovitafuta.

Je, na ikiwa katalogi inasema kipo, na rafuni hakipo? Hapo watu hukata tamaa haraka mno. Huenda kimeazimwa. Huenda kiko kwenye sehemu ya vitabu vya kusomwa kwa saa chache, nyuma ya meza. Huenda kiko kwenye mkokoteni, kinangoja kurudishwa. Huenda mwenzio mmoja mjanja kakificha kwenye rafu ya kemia ili akikute kesho. Mimi nikiwa mwanafunzi nilikwenda mara tatu kwa kitabu kimoja. Mara ya nne ndipo nikauliza. Kilikuwa ofisini kwa mwalimu aliyenituma nikisome, tangu muhula uliotangulia.

Mara ya nne ndipo nikauliza! Mnaona ujinga wangu? Na hapa nataka kusimama. Kuna mtu maktabani anaitwa mkutubi. Wanafunzi wanamdhania ni mlinzi: wa kunyamazisha watu na kutoza faini. Amesomea. Amesomea kazi hii hii ya kugeuza jina la mtaani kuwa jina la kitambulisho, na kutwa nzima hakuna anayemuuliza ila chaji ya simu na msala uko wapi. Mwendee. Lakini usimwambie, "Nataka kitabu cha historia." Hivyo ni sawa na kwenda Marikiti ukasema nataka viungo. Atakuuliza vipi, na wewe utaona anakusumbua. Mwambie unachokitaka hasa: "Naandika juu ya askari wa Kibulushi waliokaa mtaa mmoja wa Mombasa karne ya 19, nimejaribu majina haya matano." Mkutubi akisikia hivyo, utamwona anavuta kiti.

Yeye ndiye atakayekwambia kwamba majarida mengi ya kidijitali yako wazi kwako bila senti, kwa sababu vyuo vya Kenya vimeungana kuyanunua pamoja, kwa muungano unaoitwa KLISC. Unachohitaji ni nenosiri la chuo. Atakwambia jarida la Swahili Forum liko kwenye intaneti, mtu yeyote anasoma bure. Atakwambia miswada ya zamani ya Kiswahili, ile ya herufi za Kiarabu, London wanayo kwenye maktaba ya SOAS, na mingi imepigwa picha unaweza kuitazama ukiwa hapa. Mashairi ya Muyaka, malenga wa Mvita, yamefika huko kwa mkono wa Mwalimu Sikujua, mtu wa hapa hapa, aliyemwandikia Mwingereza Taylor. Na atakwambia pia kwamba makumbusho ya Fort Jesus yana maktaba. Mara ngapi tumepita pale tukienda kununua kachri, hatukujua?

Kidogo tu juu ya akili bandia, maana najua mtaniuliza. Kijana wetu alijaribu. Aliiuliza programu impe vitabu vya Makadara Mombasa, ikampa vitano papo hapo, na majina ya waandishi, na miaka, na kurasa. Safi kabisa. Akaenda navyo kwa mkutubi. Viwili vilikuwapo, lakini havina habari ya Makadara. Vitatu havijawahi kuandikwa na binadamu. Itumie kukupa majina ya kuzungushia kwenye ile karatasi yako, hapo inafaa sana. Jina la kitabu ikikupa, kamtafute mwenye jina kwanza.

Mji huu, kwa taarifa yenu, ulikuwa na maktaba ya umma mwaka 1903, ya Seif bin Salim, na chumba cha kusomea bure. Nairobi ile yenye Makadara kubwa ilingoja McMillan mpaka 1931. Nimeona niliseme tu, lisipite.

Saa inanionyesha kidole, basi nimalizie habari ya yule kijana kisha niwaage. Alisoma alivyovisoma. Akaenda pia kwa wazee wanne wa mtaa, na daftari, maana jina la Makadara halikuandikwa sana, limesemwa. Wawili wakamwambia kadari ya Rahmani. Mmoja akamwambia hayo ni maneno ya kupambia, akampa maana nyingine. Wa nne, mama mmoja mkongwe, akamwambia jina halina maana, ni jina tu, kunywa chai. Akawaandika wote wanne, kila mmoja na neno lake, akaweka tanbihi chini.

Kazi ikapita. Chuo kikamtaka apeleke nakala maktabani ihifadhiwe na kuingizwa kwenye katalogi. Nilimsindikiza. Mkutubi, mama mpole wa miwani, akamgeuzia kompyuta, akamwonyesha kisanduku kitupu: andika hapa maneno ambayo mtu akiyatafuta, atakufikia wewe.

Akaandika Makadara. Akaweka mkato, akaandika Mombasa. Kisha Mvita. Kisha Mji wa Kale. Kisha Baluchi, Baluch, Baloch. Kisanduku kikaanza kujaa. Yule mama akasema, "Basi, mwanangu, inatosha."

"Bado moja, mama," akasema, na akaandika Bulushi.

Haya, wasikizaji wangu, tukutane Jumanne saa hizi hizi, inshallah. Kwaherini.